Mgahawa na wateja wenye masharti ya chakula: chungu kimoja, jiko la pembeni au chukuchuku kwanza?

Ukifungua mgahawa Kigoma, iwe Mwanga, iwe Ujiji, au kibanda tu pale Kibirizi cha kulisha wavuvi na watu wa maboti, haipiti wiki hujasikia "dada mi sukari hapana", "mama hiyo mboga ina karanga?", "kaka mimi nyama sili kabisa, kuna nini kingine?". Kila mwenye mgahawa ana jibu lake. Wengine wanasonya kimoyomoyo, kama unaumwa si ungekula kwako, wengine wanaitikia kila kitu ndio baba ndio mama ili mradi mtu akae kwenye kiti, na wachache sana wanajua wanachojibu. Shemeji yangu anatafuta fremu na yeye afungue, kaniuliza asumbuke na hawa watu au apike kama kila mtu anavyopika basi, na jibu limekuwa refu kuliko la kwenye simu ndo maana naliandika.

Kwa kifupi mi nasema awahudumie, ila sio wote kwa njia moja, na kuna wengine jibu sahihi ni kuwaambia hapana mapema kabla hawajanawa mikono.

Njia zipo tatu ukizichunguza. Ya kwanza ni chungu kimoja, yaani unapika mara moja na kila kitu kimeshaungwa, wali una chumvi yake na mafuta yake, kisamvu kimeshapigwa mawese na karanga, maharage yameshatiwa mchuzi miksi, chai imeshawekwa sukari kwenye chupa tangu alfajiri. Mteja anakula kilichopo au anasogea mbele. Ya pili ni jiko la pembeni, una sufuria zake, mafuta yake, kisu na kibao chake, pengine na mpishi wake, na kwenye menyu umeandika kabisa hiki cha watu wa kisukari, hiki hakina nyama, hiki hakina ngano. Ya tatu ni chukuchuku kwanza. Unachemsha vitu vitupu mpaka viive, samaki, maharage, mboga, halafu kuunga kunafanyika mwishoni kwenye kikaango kidogo kutokana na oda, anayetaka mawese anawekewa mawese, anayetaka karanga anawekewa karanga, asiyetaka chumvi anachukua kama kilivyo na ndimu pembeni.

Kabla sijalinganisha niseme kitu kimoja maana naona watu wakisikia masharti ya chakula wanadhani ni mambo ya wazungu. Hapa hapa kwetu tumehudumia masharti miaka na miaka. Nenda Ujiji mwezi wa Ramadhani uone, mchana sehemu kibao zimefungwa, jioni watu wako na uji na tambi na viazi na magimbi, ratiba ya jiko zima imegeuzwa na hakuna anayelalamika kwamba wateja wanadeka. Nyama ya buchani inachinjwa na Muislamu ili kila mtu ale bila kuuliza. Kitimoto kina sehemu yake na jiko lake na hakuna mpishi aliyepelekwa kozi kufundishwa hilo. Msabato akikaa mezani anajulikana, kitimoto hali, kambale hali kwa sababu hana magamba, mletee mgebuka, samaki wa ziwani mwenye magamba, mambo yameisha.

Sasa mwambie mpishi yeyote wa hapa huu mwiko umetoka kwenye kitimoto usiuguse kwenye sufuria la ng'ombe, hahitaji maelezo ya pili, ataenda kuuosha au atautupa kabisa. Mwambie huu mwiko umetoka kwenye karanga usiuguse kwenye mchicha wa yule mzee, anakuangalia kama umechanganyikiwa. Ujuzi ni ule ule na mikono ni ile ile! Ya dini tunayaheshimu, ya ugonjwa tunaona mtu anajidekeza. Kwahiyo mwenye mgahawa akiniambia hawezi kutenganisha vyombo mi simuamini, anaweza, ila hajaona sababu.

Tuanze na walio wengi, watu wa kisukari na presha. Hawa kwenye chungu kimoja wanaumia kimya kimya kwa sababu hawatoki povu wala hawaanguki mezani, wanakula, wanalipa, wanaondoka, na mwisho wa siku hawarudi. Chukua ile chupa ya chai. Sukari imo ndani, imeshakorogwa, mtu wa kisukari hana namna isipokuwa maji. Ukiacha chai isiyo na sukari na bakuli la sukari mezani hujaongeza hata shilingi, na pengine unaokoa sukari maana kuna watu wengi tu wanaopenda sukari ya kawaida wakaishia kunywa chai tamu kama asali. Juisi ni hivyo hivyo, ile ya kwenye ndoo imeshapigwa sukari, basi iwe na jagi dogo ambalo halijawekwa.

Chumvi nayo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Sahani ya mgahawa ina chumvi kwenye wali, chumvi kwenye mchuzi, chumvi ndani ya mchuzi miksi ambayo mpishi haihesabu kama chumvi, chumvi kwenye kachumbari, na kama ni dagaa au samaki wa kukaushwa kwa chumvi ndo usiseme. Njia ya chukuchuku hapa inashinda bila ubishi, pika na chumvi kidogo, weka kichupa mezani, mwenye ulimi wake aongeze. Jiko la pembeni kwa ajili ya presha ni kupoteza hela. Mgonjwa wa presha hadhuriki na mwiko uliogusa chumvi, anadhurika na kiasi, na kiasi unakirekebisha pale pale.

Kwa wa kisukari kuna jambo la sahani yenyewe. Wengi wanashauriwa na watu wa lishe nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo samaki au maharage. Sisi tunafanya kinyume, mlima wa ugali na mboga za kuonjea! Na ugali wetu wa muhogo mtamu sana na mgebuka wa kubanika ila ni wanga mtupu, dona ina nyuzinyuzi zaidi. Sio lazima uwe na menyu ya kisukari, kubali tu mtu akisema nipunguzie ugali niongezee matembele bei ile ile. Kuna mahali nimeona mhudumu anamtoza mtu matembele ya ziada wakati ugali wake kaurudisha jikoni nusu, hapo mteja amelipia adhabu.

Wasiokula nyama tuwapitie haraka kwa sababu mkoa huu unawabeba. Maharage ya Kigoma yanajulikana nchi nzima, kisamvu kipo, mchicha, ndizi za kupika, parachichi za Kasulu na Buhigwe. Na wateja wenyewe wapo, watalii wa Gombe na Mahale, zile hifadhi za sokwe, baadhi hawagusi nyama (Jane Goodall mwenyewe, yule mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe 1960, aliacha nyama miaka mingi kabla hajafariki 2025), kuna familia za Kihindi, kuna wafungaji wa Kwaresma. Shida ni siri za jikoni. Kisamvu kina dagaa wa kusaga kwa ajili ya ladha, maharage yameongezewa supu ya ng'ombe kwa sababu mchuzi ulikuwa mwepesi, chipsi zimetoka kwenye karai ambalo dakika kumi zilizopita lilikuwa na migebuka. Ukiwa wa chungu kimoja usiandike ubaoni "mboga tupu" wakati unajua. Chukuchuku inatatua karibu yote isipokuwa hilo karai.

Wasiokula ngano ni wachache huku lakini wakija, hasa wageni, ni wakali na wana haki. Kuna ugonjwa unaitwa seliaki, mwili unapigana na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya rai, na utumbo unaharibika kwa kiasi kidogo tu. Ulaya inakadiriwa ni kama mtu 1 kati ya 100. Sasa hawa wakiwa kwao wananunua mikate maalum kwa bei ya kutisha, wakija Kigoma wanakuta ugali wa muhogo, wa mahindi, uji wa ulezi na wa mtama, vyote havina gluteni kwa asili yake. Umekaa na hazina halafu unampa chapati! Ila angalia samaki asipakwe unga wa ngano kabla ya kukaangwa, na mafuta yasiwe yale yale ya maandazi ya asubuhi.

Aleji ndo kwenye moto, na hapa nitakaa kidogo.

Aleji haina habari ya kiasi. Mwenye presha ukimzidishia chumvi mara moja ataenda nyumbani, mwenye aleji ya karanga akipata kidogo cha kwenye upawa anaweza kuvimba midomo, vipele mwilini, koo linabana, pumzi inakata, na inaweza kuwa ndani ya dakika chache. Hapo ni bodaboda au gari lolote hadi hospitali apate sindano ya adrenalini, sio kumpa maziwa sijui kumpepea. Halafu moto hausaidii, kuna mtu aliniambia karanga zikichemka na kisamvu masaa mawili aleji inakufa, hapana, protini ya karanga inavumilia joto na zile za kukaanga zinaweza hata kuwa kali zaidi kwa mwenye aleji. Kufuta kisu na kitambaa pia haisaidii, ni maji na sabuni.

Mazungumzo yanayonitisha ni haya, na ukikaa migahawa yetu utayasikia:

"Dada, hii mboga ina karanga?"

"Haina kaka."

"Una uhakika?"

"Haina, kula tu."

Hajaingia jikoni. Hajamuuliza mpishi. Amejibu kwa adabu tu, kwa sababu kwetu kumwambia mgeni sijui inaonekana huduma mbovu. Na mpishi naye hayupo, kaenda kufuata mkaa, aliyepo ni msaidizi aliyekuta mboga imeshaiva. Huyo dada sio mbaya, hajawahi kuambiwa na bosi wake kwamba "ngoja nikaulize" ni jibu zuri kuliko "haina".

Ukilinganisha njia zetu tatu kwa mtu wa aleji, chungu kimoja kina faida moja ya ajabu, kinaeleweka. Mama wa kibanda anajua alichotia kwa sababu katia mwenyewe kwa mkono wake, chungu ni kimoja, ukimuuliza atakwambia mwanangu hapa nimetia karanga usile, ukienda kwa jirani kuna maharage. Huyo amekuhudumia vizuri kuliko hoteli yenye menyu ya kurasa sita na wapishi wanaopokezana shifti. Chukuchuku kwa aleji ni nusu salama, chakula cha kwenye sufuria ni kitupu ni kweli, ila kikaango cha kuungia ni kimoja na saa saba mchana foleni ikiwa imejaa hakuna anayekiosha kati ya oda na oda. Jiko la pembeni ndo pekee lenye usalama wa kweli na hata hilo ni pale tu watu wanapoliheshimu, maana kuna jiko la pembeni la jina, mwiko unaazimwa "mara moja tu" na habari imeishia hapo.

Kwahiyo kwa aleji kali, kama huna jiko la pembeni la ukweli, sema hapana. Sema kwa upole, "kaka hapa kwetu karanga ipo kila kona, siwezi kukuhakikishia, naweza kukupa ndizi za kuiva na soda ya chupa". Hiyo pia ni kumhudumia.

Na wanaosema Ulaya kila mgahawa unalazimishwa kumpikia kila mtu anachotaka, sio hivyo. Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 unataka migahawa imwambie mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyoleta aleji, kuna karanga, samaki, mayai, maziwa, ngano, ufuta na vingine. Kumwambia. Kumpikia tofauti ni hiari ya mgahawa. Marekani wana orodha ya 9, ufuta uliingia Januari 2023, na sheria yenyewe ya huko inahusu zaidi vyakula vya pakiti. Maana yake hata wenye sheria zao wameanzia kwenye kusema ukweli kwanza, na kusema ukweli hakuhitaji mtaji, kunahitaji mpishi aandike ukutani asubuhi leo kisamvu kina karanga na dagaa, leo maharage yana supu ya nyama, mhudumu asome kabla hajavaa aproni.

Gharama sasa, maana shemeji ndo kinachomuuma. Chungu kimoja ni rahisi kuliko vyote, mkaa mmoja, mpishi mmoja, saa saba unapakua tu kama umepagawa na watu wanaondoka fasta. Chukuchuku inakula muda, kila sahani ina dakika zake za kuungwa, na kama una watu wengi kwa mkupuo, tuseme siku treni imeingia, utakoma. Ujanja wake ni kuunga nusu mapema. Kama una sufuria kubwa la maharage, theluthi mbili ziunge kawaida kwa ajili ya umati, theluthi moja iache tupu. Kisamvu hivyo hivyo, karanga zisagwe zikae bakuli lake lenye kifuniko na upawa wake, ziingie mwisho. Ukifanya hivyo gharama ya ziada ni sufuria mbili tatu na mazoea. Kuna faida nyingine watu hawaioni, maharage matupu yakibaki jioni yanavumilia kuliko yaliyoungwa na nyanya na vitunguu, kesho yake hujamwaga.

Jiko la pembeni ni hela. Chumba au banda, moto wake, vyombo vyenye rangi tofauti ili visichanganyike, mafuta yake ambayo hayarudiwi na samaki, na mtu anayejua. Kwa wateja wa kubahatisha hairudi. Hapo ndo wengi wanakufa, wanaandika menyu ndefu ya vegani (wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama) na ya kisukari, wananunua vitu, vinaoza, wanarudi kwenye chungu kimoja wakiwa wamekasirika na wateja.

Basi mi ningechagua hivi. Kibanda cha Kibirizi, mama lishe wa sokoni, yeyote anayelisha watu wanaokimbilia boti, baki na chungu kimoja, toa sukari kwenye chai, punguza chumvi, sema kilichomo. Usijidanganye na menyu. Mgahawa wa kati, ule wa Mwanga au karibu na stesheni wenye meza kumi na wafanyakazi wa ofisini wanaorudi kila siku, chukuchuku kwanza bila kusita, kwa sababu wateja wako ni wale wale na kati yao umri unavyosogea presha na kisukari haviwezi kukosa, na mtu wa kisukari akipata sehemu inayomuelewa anakuja yeye na ofisi nzima. Hoteli inayopokea watalii wa Gombe, lazima iwe na jiko la pembeni, hata dogo, maana mgeni ameshalipa na usiku hana pa kwenda.

Wewe mlaji na wewe usiende kwa kuvizia. Piga simu kabla, au fika saa tano asubuhi, kabla ya msongamano, usiulize saa saba na nusu wakati dada ana sahani nne mikononi. Usiulize pia "hiki kizuri kwa kisukari?" maana ataitikia, uliza "mmeweka nini humu?". Na kama aleji yako ni ya kuua, jamani, beba chakula chako, uombe tu kiti, ununue maji. Mgahawa unaokunyima kiti kwa sababu umebeba hotpoti wakati umewaeleza sababu huo uuache.

Kuna kundi moja nimeliacha la mwisho kwa sababu hesabu yake inageuka, nalo ni oda za semina na vikao. Kigoma mashirika ni mengi kwa sababu ya kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, semina haziishi, na waandaaji wengi siku hizi wanakuja na orodha kabisa, watu arobaini, watatu hawali nyama, wawili kisukari, mmoja aleji ya mayai. Hapo unajua idadi siku mbili kabla, unanunua kwa kipimo, hakuna kinachooza, na bei ya sahani za masharti unaipanga mwenyewe. Mwenye mgahawa wa kati anayetaka kujaribu jiko la pembeni aanzie kwenye hizo oda, akodi hata uwani kwa jirani siku hiyo, aweke sahani za masharti na jina la kila mlaji kwenye kifuniko, zisipite kwenye foleni ya bufee kabisa kwa sababu bufee vijiko vinahama bakuli mpaka bakuli. Oda za namna hiyo zikitoka tano sita bila lawama ndo afikirie kujenga.